Jina la Martini Dukani

Kilichomfanya Swaibu Pazi aachane na magemu ya kunakili ni mafaili ya watu. Mwezi Machi mwaka 2019 virusi viliingia kwenye kompyuta zake saba pale Rusimbi, mjini Kigoma, vikaharibu kila kitu kilichokuwamo: mitihani ya shule ya msingi iliyosubiri kuchapwa, barua za wazee wa kamati ya msikiti, wasifu wa binti mmoja aliyekuwa akiomba kazi ya uuguzi. Mbele, duka lake lilikuwa steshenari. Nyuma ya pazia la kitenge kulikuwa na chumba cha magemu, na hicho chumba ndicho hasa kilichomlisha yeye na mama yake. Virusi vilitokea huko nyuma, kwenye gemu la mpira alilopewa bure na mtu kwenye flashi.

Alikaa siku nzima akiwaomba wateja radhi mmoja mmoja. Jioni alimwambia Leonardi kwamba basi, imetosha, safari hii watanunua magemu halali, kwenye duka la mtandaoni, kama wanavyonunua watu wengine duniani.

Leonardi alikuwa fundi wake, na kusema kweli alikuwa fundi kumzidi. Alikuwa Mrundi wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyesoma kompyuta Bujumbura kabla mambo hayajaharibika. Mwaka 2015 alivuka mpaka kwa miguu hadi Kagunga pamoja na maelfu ya wenzake, wakalala ufukweni siku tisa wakisubiri meli, na kipindupindu kikiwapunguza. Meli ikawaleta Kigoma, wakalazwa uwanja wa mpira, kisha wakapandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Alikaa kambini miaka miwili. Mwaka 2017 alipewa kibali cha siku tatu kuja mjini kutibiwa jino, na hakurudi. Swaibu alimpata akiwa amekaa kwenye ngazi za duka, akimweleza mteja kwa upole kwamba printa haikuwa imekufa bali imemeza pini. Tangu siku hiyo alikuwa akilala chumba cha uani kwa mama yake Swaibu, Bi Mwamini, kule Ujiji, na mchana kutwa alikuwa nyuma ya pazia. Mtu mwenye sare akiingia kupiga fotokopi, Leonardi alikuwa hasikiki hata kupumua.

Swaibu alifanya uchunguzi wake kwa wiki nzima. Alisoma maoni ya watu, akauliza vijana wanaojua mambo hayo, mwishowe akabakiwa na maduka mawili. La kwanza aliliita duka dogo. Humo unalipa, unapakua faili la gemu, na faili linakuwa lako. Unaliweka kwenye flashi, unaliingiza kwenye kompyuta yoyote, intaneti iwepo isiwepo, wala hakuna anayekuuliza kitu. Magemu yake hayakuwa mengi na bei haikuwa ya kukimbilia, lakini ukishatoka umetoka. La pili lilikuwa duka kubwa. Humo kulikuwa na kila gemu chini ya jua, na mara kwa mara walipunguza bei mpaka nusu ya nusu. Ila gemu halitoki dukani. Linabaki ndani ya akaunti yako, na duka linataka uingie kwa intaneti kila baada ya muda lihakikishe ni wewe, tena kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja.

Kwa mtu mwenye kompyuta saba na intaneti ya kununua bando, jambo hilo halikuhitaji mjadala. Swaibu alimweleza Leonardi huku akiwa tayari ametoa kadi yake ya benki mfukoni.

"Tuchukue lile kubwa," Leonardi alisema.

Swaibu alidhani hakusikia vizuri. Akarudia maelezo yake. Leonardi alisikiliza hadi mwisho, akasema tena duka kubwa ndilo zuri, kwa sababu magemu yake yanarekebishwa kila mara. Swaibu akamjibu kwamba marekebisho hayo ndiyo yatakayomaliza bando. Leonardi akasema kule watu wanacheza na marafiki walio mbali. Swaibu akamuuliza ni rafiki gani wa mbali aliye naye kijana wa Rusimbi anayekuja kucheza nusu saa na kurudi kuuza maji. Walibishana hivyo siku tatu, na kila siku Leonardi alikuja na sababu mpya, dhaifu kuliko ya jana. Hilo lilimsumbua Swaibu kuliko ubishi wenyewe. Alikuwa akimjua Leonardi kama mtu asiyetoa neno la kiufundi bila kulipima. Alipokuwa hajui kitu alisema hajui.

Siku ya nne Swaibu aliamua angalau alitazame hilo duka kubwa kwa ndani. Akaanza kufungua akaunti. Fomu ilitaka jina, barua pepe na nchi. Alipofika kwenye nchi, orodha ndefu ya nchi zote ikashuka kwenye kioo, akaichagua Tanzania bila kufikiri. Hapo akahisi Leonardi amesimama nyuma yake.

"Na mimi waliniuliza hivyo," Leonardi alisema. "Niliandika Burundi."

Swaibu akageuka. Akamuuliza kama kumbe anayo akaunti humo siku zote, na kama anayo, kwa nini wanahangaika kufungua nyingine.

"Ninayo, kaka. Lakini kuna mtu ndani."

Alivuta stuli akakaa, akaeleza. Alikuwa na mdogo wake, Martini, aliyemzidi kwa miaka mitatu. Kule Bujumbura walikuwa na kompyuta mbili za mitumba, na kwenye duka lile kubwa walinunua gemu moja tu maishani mwao, gemu la kujenga reli na kuendesha treni. Nchi yao haikuwa na treni hata moja. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake, na kwenye orodha ya marafiki kila mmoja alikuwa na jina moja, la mwenziwe. Martini alipohamia upande mwingine wa mji kwa ajili ya kazi, waliendelea kujenga reli pamoja kila Jumapili, huyu akiwa kwake na yule kwake. Kisha mwezi Mei mwaka 2015 mji ukachafuka. Martini alitoka asubuhi kwenda kazini hakuonekana tena. Jirani mmoja alisema alimwona akipandishwa kwenye gari. Mwingine akasema haikuwa yeye. Mama yao, Veneranda, alikimbilia kwa ndugu zake Rumonge. Leonardi akatafuta siku nane, kisha marafiki wakamwambia na yeye anatafutwa, akaondoka.

"Duka lile likikuonyesha jina la rafiki yako," Leonardi alisema, "pembeni linaandika mara ya mwisho aliingia lini. Mimi sijafungua tangu siku ile. Nikifungua nikakuta imeandikwa miaka minne, nitakuwa nimeambiwa."

Swaibu alimuuliza, kwa sauti ya kutafuta maneno, kwa nini basi alikuwa akishikilia wanunue huko huko.

Leonardi alitazama mikono yake. Alisema alitaka duka lile liwepo hapa kazini, liwe jambo la kila siku. Labda siku moja, akiwa anatengeneza kitu kingine, angejikuta ameingia.

Swaibu aliizima kompyuta. Nyumbani, Leonardi alipokuwa amekwenda kuchota maji, alimsimulia mama yake. Bi Mwamini alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Bila kuinua macho akasema kwamba yule kijana tangu amekuja hapa amekuwa akila kama mtu aliye matangani, na yeye amekuwa akijiuliza ni matanga ya nani. Akamkataza mwanawe asimsukume. Afungue mwenyewe siku atakayoweza, na siku hiyo asiwe peke yake.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya pili baada ya hapo. Swaibu alikuwa amerudi kutoka msikitini, duka likiwa limefungwa, akamkuta Leonardi ameketi mbele ya kompyuta ya pembeni, shati limenyooshwa pasi. Alisema anataka kuingia sasa. Swaibu akavuta kiti. Neno la siri Leonardi alilikumbuka, lilikuwa jina la kilima cha babu yao. Duka likataka uthibitisho kwa barua pepe, nayo akaifungua. Halafu ukurasa ukaanza kujaa polepole, kwa mwendo wa intaneti ya mchana.

Lilitokea gemu moja la treni. Pembeni, jina moja. Na chini ya jina hilo, kwa herufi ndogo za kijivu, iliandikwa kwamba Martini alikuwa hewani siku tisa zilizopita.

Leonardi alisimama, akaenda mpaka kwenye pazia, akalishika, akarudi. Akaweka kidole kwenye kioo juu ya ile namba. Swaibu alimwona kama mtu anayetaka kucheka na hajui kama anaruhusiwa.

"Siku tisa," Leonardi alisema. "Siyo miaka. Siku."

Ni Swaibu aliyeona alama ndogo ya bahasha karibu na jina. Alitamani baadaye kwamba wangeachiwa angalau saa moja na ile furaha kabla ya kuiona. Kulikuwa na jumbe nne, zote kwa Kirundi. Leonardi alizisoma kimya kwanza, kisha akazitafsiri moja moja, akisimama katikati ya kila moja.

Wa kwanza ulikuwa wa Agosti 2016. Martini aliandika kwamba yuko hai. Walimshika wakamfunga mahali asipopajua, wakamwachia baada ya miezi saba, akavuka kwenda Kongo na sasa yuko kambi ya Lusenda, kando ya ziwa. Alikuwa amepata kompyuta ndogo iliyochoka na mahali pa kuazima intaneti mjini Baraka. Namba zote za simu amezipoteza. Hakujua mahali pengine pa kumtafuta kaka yake isipokuwa hapa. "Mukuru wanje, kaka yangu, ukifungua tu utaniona."

Wa pili ulikuwa wa sikukuu ya Krismasi. Alimtania kwamba reli ya upande wake imefika mbali na kaka yake amelala. Wa tatu, Mei 2017, ulikuwa mfupi. Alikuwa akikohoa na amekonda. Wa nne ulikuwa wa Septemba mwaka huo huo. Alikuwa ameuza kompyuta kwa mwalimu mmoja wa Baraka, mama mwenye moyo mzuri, anaitwa Marcelina, anafundisha shule iliyo karibu na soko. Kama kaka angesoma hapa, amuulize huyo. Yeye atajua alipo.

Leonardi alimaliza, akazirudia tena kutoka mwanzo. Swaibu alikuwa akifanya hesabu asiyotaka kuifanya. Kama kompyuta iliuzwa Septemba 2017, basi aliyekuwa hewani siku tisa zilizopita hakuwa Martini. Leonardi naye alikuwa ameifanya. Hata hivyo aliandika ujumbe, wa Kirundi na mwingine wa Kiswahili, akasema yeye ni kaka yake Martini, yuko Kigoma, anamwomba yeyote atakayeona maneno haya amjibu.

Kwa siku tano kompyuta ile ya pembeni haikuzimwa. Swaibu alinunua bando baada ya bando, na wateja wa magemu waliambiwa hiyo moja ni mbovu. Leonardi alifanya kazi zake zote mbele yake. Alirekebisha simu, alichapa mitihani upya, na kila baada ya sentensi mbili alitazama pembeni.

Jumatano, kiasi cha saa nne asubuhi, herufi za kijivu chini ya jina la Martini ziligeuka kijani.

Jibu lilichukua robo saa kuja, na lilikuja kwa Kiswahili cha ng'ambo. Mwandishi alisema yeye si Martini, ni mwalimu Marcelina wa Baraka. Aliuona ujumbe alipowasha kompyuta akaogopa, akadhani ni matapeli, ndipo akaona jina la Leonardi akakumbuka. Aliomba msamaha kwa habari atakayoitoa. Martini alifariki tarehe tatu Novemba mwaka 2017, hospitalini Baraka, kwa ugonjwa wa kifua. Yeye Marcelina alikuwa akimpelekea chakula. Mkoba wake bado anao, kwa sababu hakuna aliyekuja kuuchukua.

Swaibu alisoma hayo kabla ya Leonardi, kwa kuwa Leonardi alikuwa amefumba macho. Akamwambia. Hakuna namna nzuri ya kumwambia mtu jambo kama hilo, naye hakuitafuta. Alisema tu, "Leonardi, alikufa mwaka sabini na... mwaka kumi na saba. Novemba," na ulimi ukamkwama katikati.

Leonardi hakulia pale. Aliuliza Agosti mwaka 2016 mpaka Novemba 2017 ni miezi mingapi, akahesabu mwenyewe kwa vidole. Kisha akasema jambo lililobaki na Swaibu kwa muda mrefu.

"Mwaka mzima ule nilikuwa nafundisha kompyuta kambini. Intaneti ilikuwepo kila siku. Nilikuwa nawafundisha watu jinsi ya kufungua akaunti."

Usiku na mchana wa siku zilizofuata alikula kidogo na kusema kidogo. Ziwa lilimfanya aumie zaidi. Kutoka Ujiji, siku ambazo hewa ni safi, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo kama mtu kaichora kwa mkaa. Alikuwa ameitazama milima ile kila asubuhi akipiga mswaki. Sasa alikaa uani akiwa ameipa mgongo. Swaibu alijaribu kumwambia kwamba hakujua, kwamba hakuna mtu ambaye angejua. Bi Mwamini alimnyamazisha mwanawe kwa jicho. Alimpeleka Leonardi jikoni akampa kazi ya kutwanga, akakaa naye hadi kazi ikaisha.

Leonardi asingeweza kuvuka. Hakuwa na karatasi yoyote halali zaidi ya kadi ya kambi aliyotoroka. Swaibu alikuwa na mjomba, Hamdani, aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni Baraka na kurudi na mawese, na ukoo wao tangu zamani ulikuwa na watu pande zote mbili za maji. Swaibu akachukua hati yake ya kusafiria uhamiaji, akafunga duka, akamwambia Leonardi kwamba atakwenda yeye. Hakumwomba ruhusa. Leonardi alimpa kitambaa cheupe, akasema kama kuna kaburi akifunge hapo, kama hakuna akirudishe.

Swaibu na mjomba walitoka kwa boti ufukwe wa Kibirizi alfajiri, wakafika Baraka jua linataka kuzama. Kesho yake Swaibu aliulizia shule ya karibu na soko, akampata mwalimu Marcelina akisahihisha madaftari chini ya kivuli cha paa la bati. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtazama Swaibu kwa shaka mpaka alipotaja jina la Leonardi, ndipo akaweka kalamu chini na kumkaribisha kama mgeni wa msiba, kwa mikono miwili.

Alimpeleka makaburini. Lilikuwa kaburi la udongo mwekundu, limezungushiwa mawe ya ziwani, na msalaba wa mbao wenye jina lililopakwa rangi nyeusi. Walimzika watu kumi na mmoja, Marcelina alisema: yeye, mumewe, katekista, wauguzi wawili, na Warundi sita waliotoka Lusenda kwa miguu. Swaibu hakuwa Mkristo na hakujua sala ya kusema pale. Alisoma aliyoijua yeye, kwa sauti ya chini, kisha akafunga kitambaa kwenye msalaba na kupiga picha kila upande.

Nyumbani kwa mwalimu, mkoba ulitolewa chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na sweta, cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mara nne, na picha moja ya mama yao akiwa kijana. Marcelina alileta na ile kompyuta, akaiweka mezani, akasema kama ndugu yake anaitaka aichukue. Swaibu akakataa. Akasema mwalimu aliinunua kwa fedha yake, na watoto wake wanaitumia.

"Hakuvutana na mimi juu ya bei," Marcelina alisema. "Alitaka jambo moja tu. Kuna ile programu inajifungua yenyewe ukiwasha, hiyo yenye treni. Aliniambia, mwalimu, usiitoe hiyo. Nikamwambia sawa. Mume wangu alitaka kuitoa kwa sababu inakula intaneti. Nilimkatalia. Sikujua hata ni ya kazi gani."

Swaibu aliinama kufunga mkoba, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko mkoba ulivyohitaji.

Boti liliporudi Kibirizi, wachukuzi walikuwa wakikimbizana na magunia, wanawake wakianua dagaa kwa sababu mawingu yalikuwa yamejikusanya. Swaibu alimwona Leonardi kabla boti halijagusa mchanga. Alikuwa amesimama wazi, katikati ya watu, hatua chache tu kutoka kwa askari aliyekuwa akikagua mizigo. Kwa miaka miwili hakuwahi kusimama mahali kama hapo mchana. Aliupokea mkoba akaushika kifuani. Hakuna aliyewauliza kitu, wakapanda hadi barabarani.

Bi Mwamini alikuwa amekwisha kutandika mikeka. Hakumuuliza mtu kama ni sawa. Aliwaambia majirani kwamba nyumba yake imefiwa, na walipouliza ni nani, aliwajibu kwamba ni mdogo wake Leonardi, na hilo likatosha. Kwa siku tatu watu wa Ujiji waliingia na kutoka, wakimpa mkono kijana ambaye wengi wao hawakujua hata kama yupo nyuma ya pazia la Rusimbi. Mzee wa msikiti alikuja akakaa nusu saa. Honorata, mama wa Kiha anayeuza ndizi sokoni, alikuja na wanakwaya wanne wa kanisa lake, wakaimba nyimbo mbili uani kwa Kirundi na Kiha vilivyochanganyika. Ilikuwa wakati wa wimbo wa pili ambapo Leonardi alilia, kwa sauti, akiwa ameshika sweta, na Bi Mwamini akamwacha alie bila kumwambia nyamaza.

Siku ya tatu jioni Leonardi alimwambia Swaibu kwamba anarudi Nyarugusu. Atajisalimisha, atasemwa, kisha atajiandikisha kwenye msafara wa wanaorudi Burundi kwa hiari. Swaibu alimkumbusha kwamba huko bado hakujawa salama kwake. Leonardi alisema anajua. Lakini mama yake anasikia kwa watu kila mwaka kwamba Martini ameonekana hapa, ameonekana pale, na habari hii si ya kumpa kwa simu.

Kabla ya kuondoka alifanya mambo mawili. La kwanza, alikaa na Swaibu wakanunua magemu matatu kwenye duka dogo, akayaingiza kwenye kompyuta zote saba, na kumwonyesha mahali pa kuweka nakala. La pili, alifungua akaunti yake mara ya mwisho, akamwandikia Marcelina kumshukuru, akamwambia kwamba ahadi aliyompa Martini ameitimiza yote, na sasa anaweza kuitoa ile programu ikiwa inamsumbua. Marcelina alijibu kwamba ataitoa watoto wakimaliza mitihani, kwa kuwa mikono yake haijawa tayari.

Swaibu alimsindikiza hadi Kidahwe, mahali ambapo gari lililokuwa likielekea Kasulu lilikuwa likijaza abiria. Walishikana mikono kama watu wanaoonana kesho.

Kambini walimweka chini ya uangalizi wiki mbili, wakamkaripia, wakamwandika. Msafara wake uliondoka mwezi Agosti. Swaibu hakusikia neno mpaka Septemba, simu ilipoita kwa namba ya Burundi akiwa anapiga fotokopi. Leonardi alisema amefika salama, amekwisha kumwambia mama, na mama anataka kuongea na mtu aliyeliona kaburi.

Swaibu akawaomba wateja wasubiri, akaenda nyuma ya pazia. Sauti ya mama mtu mzima ikaja, kwa Kirundi, na Leonardi akitafsiri kando yake. Bi Veneranda hakulia na hakushukuru. Alikuwa na maswali, na aliyauliza kwa mpangilio kama aliyeyaandika. Kaburi liko kwenye mteremko au tambarare? Mvua ikinyesha maji yanapita juu yake? Jina limeandikwa lote au nusu? Yule mwalimu ana watoto wangapi? Swaibu alijibu kila moja kadiri alivyokumbuka, akifumba macho ili aone vizuri.

Kisha mama akauliza kichwa cha mwanawe kimeelekea wapi, ziwani au mlimani.

Swaibu alifikiri. Aliuona msalaba, aliyaona mawe, alikiona kitambaa kikipepea, lakini jambo hilo hakuwa amelitazama. Akasema hajui. Akasema mjomba wake anavuka Jumatatu, atamwagiza atazame, na akirudi atapiga simu mwenyewe. Upande wa pili sauti ya Leonardi ikasema mama amekubali, watasubiri.